Tawi la Kupumulia

Jumapili, 1 Desemba 2013. Mlowo.

Mawingu yamejikusanya tangu saa sita, meusi kweli, halafu yakapita zake kuelekea Vwawa bila kutudondoshea hata tone. Joto linakera. Mahindi tuliyopanda kwenye udongo mkavu yanangoja mvua, na mimi nangoja, sijui hata nangoja nini.

Leo sina raha. Naandika kwa sababu nikinyamaza nitapasuka.

Ninyi wachache mnaopita kwenye ukurasa huu mmezoea kunisoma nikijisifu. Najisifu, ndiyo, nakubali. Kitalu changu, matandazo yangu, kahawa yangu. Leo hakuna sifa. Leo nimemsikia baba yangu, mzee wa kanisa, mtu aliyewahi kumrudia muuza chumvi sokoni kwa sababu ya chenji iliyozidi, akisema uongo mchana kweupe, siku ya ibada, kwa ajili yangu.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikianzia katikati nitajitetea.

Miaka ile chama cha ushirika kilipoyumba na dawa za mkopo zikakoma, chulebuni iliingia mashamba ya huku. Ni ugonjwa mbaya. Punje inakuwa nyeusi na kukauka ikiwa bado mtini. Majirani waling'oa kahawa wakapanda mahindi na maharage. Baba naye alishika panga, akaanza kukata mstari kwa mstari. Alipofika mstari wa mwisho, kule karibu na mfereji, akakuta mbuni mmoja ambao punje zake hazikuwa na doa. Mmoja tu, katikati ya wagonjwa.

Akaweka panga chini.

Mwaka huo alichuma mbegu za mbuni ule peke yake, akazisia, akahamishia miche kwenye vifuko alivyovifunga mwenyewe kwa maganda ya mgomba. Marehemu Mama alikuwa akimcheka, anasema mume wake analea miti kama mtu anayelea mwali. Lakini shamba lote tulilonalo sasa ni watoto wa mbuni ule. Watu wa Nanyala walikuja kuomba mbegu. Wengine walitoka mbali, mpaka Ikinga kule Ileje, wakabeba mbegu kwenye pindo za khanga. Baba hakumtoza mtu. Na kila aliposifiwa alijibu vilevile, "Mimi sikuumba kitu. Niliuona tu."

Maneno hayo ndiyo yaliyoniponza mimi.

Miaka mitano iliyopita macho ya Baba yalianza kuingia ukungu. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, anaweza kusafishwa, na Baba akasema hakuna mtu atakayemchokonoa jicho angali hai. Mkaidi huyo! Sasa moja limezima kabisa, na jingine linaona mwanga na kivuli tu. Ukoo ukakaa kikao kuamua nani ashike shamba. Kwetu mabinti hawapewi shamba la kahawa. Binti ataolewa, au ameolewa akarudi kama mimi, na kwa vyovyote hahesabiwi. Mwenye haki alikuwa Kaka Eliud, mtoto wa kiume pekee, ambaye ana duka la vipuri Tunduma, hatua chache tu kutoka mpakani. Baba akasema, "Eliud anajua kila kinachovuka mpaka, lakini hajui mbuni unachanua lini. Shamba nampa Tumaini."

Kaka alinuna, kisha akakubali kwa sharti moja. Ule mbuni wa kwanza usiguswe. Nikaapa mbele ya wajomba.

Nilifanya kazi, jamani. Hilo sitaki mtu aninyang'anye hata leo ninapojishitaki. Nilikuta shamba limechoka, magugu yananifika kiunoni, mashine ya kumenyea imeshika kutu. Nikaenda semina, nikarudi na madaftari. Nikatandaza majani chini ya kila mti, nikachimba makinga maji, nikaanzisha kikundi cha akina mama kumi na wawili, tukajifunza kuchuma punje nyekundu tu na kuosha kahawa wenyewe. Mpaka shamba letu likachaguliwa kuwa shamba la mfano. Bwana shamba akaniletea fomu ya kujaza, na kwenye fomu palikuwa na mstari ulioandikwa Mwanzilishi.

Nilikaa na kalamu mkononi kwa muda. Halafu nikaandika jina langu.

Nilijiambia nini? Nilijiambia Baba alianza na mbuni mmoja, shamba la mfano nimelitengeneza mimi. Nilijiambia kuanzisha ni kazi ya siku moja, mtu anaona jambo, anafurahi, basi. Kuendeleza ni kazi ya kila asubuhi, mgongo unauma na hakuna anayekupigia makofi. Kwa hiyo anayeendeleza ndiye mwenye kitu. Na zaidi ya yote, si alisema mwenyewe kwamba hakuumba, aliona tu? Nilichukua unyenyekevu wa baba yangu nikautumia kama risiti.

Kibao kikaja kikasimikwa kando ya njia. Jina langu kwa rangi ya bluu. Baba alikipapasa akauliza kimeandikwa nini, nikamwambia kimeandikwa shamba la mfano. Sikumalizia.

Sasa nifike kwenye tawi.

Huku kwetu mbuni ukizeeka haung'olewi. Unakatwa kwa msumeno, kisiki kinabaki kimo cha goti, mkato unakuwa wa mshazari ili maji yasituame juu yake. Lakini haukatwi wote. Unabakiza tawi moja limesimama na majani yake. Tunaliita tawi la kupumulia. Mti unapumua kwa tawi hilo wakati unatafuta nguvu za kutoa machipukizi, na machipukizi yakishakomaa ndipo unaliondoa. Hilo halihitaji semina. Mtoto wa darasa la pili Mbozi atakueleza.

Mwezi wa nane niliambiwa wageni wanakuja kuona shamba. Nilikuwa nimekwishakata mistari miwili ya mibuni ya zamani, yote nimeiachia matawi yake. Nikamwendea Baba, nikamwambia ule wa kwanza nao umezeeka, hauzai, ukikatwa utarudi ujana. Kiapo cha wajomba nilikijua, lakini nilisema mwenye mti akiruhusu, kiapo kimelegea. Baba alifikiri sana. Akasema, "Haya, kata. Ila tawi uliache mpaka niseme mimi."

Nikakata siku moja kabla ya wageni. Tawi nikaliacha, Mungu shahidi. Halafu nikaenda kusimama pale kwenye kibao, mahali ambapo wageni wangepigia picha, nikatazama. Mistari imenyooka, visiki vinapendeza, na mwishoni lile tawi limetokeza upande peke yake, kama mtu anayeomba lifti barabarani. Visiki vingine matawi yake yalielekea ndani, hayakuonekana. Lake lilijitokeza.

Nikarudi na msumeno.

Wageni walikuja, wakapiga picha, wakala wali na kuku, wakaondoka. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema. Mimi mwenyeji sikupona.

Septemba ikapita. Oktoba visiki vya mistari miwili vikaanza kutoa vijicho vya kijani. Kile cha mfereji kimya. Nilikuwa nakwenda asubuhi na jioni, nakwaruza gome kwa ukucha kutafuta ubichi. Kahawia. Nasogea kidogo nakwaruza tena. Kahawia. Na Baba kila asubuhi kabla hata ya uji alikuwa akiuliza, "Mama, umechipua?" Ananiita mama tangu nikiwa mdogo. Mwanzoni nilijibu bado. Baadaye nikasema unaelekea. Katikati ya Novemba, sijui shetani gani alinipitia, nikasema, "Umechipua, Baba. Machipukizi matatu."

Hata idadi nikaweka!

Alifurahi mpaka akasahau uji. Jumapili iliyofuata aliwaambia wazee wenzake kanisani kwamba mti wake umefufuka. Halafu akataka kuugusa. Nikasema kuna siafu. Akangoja. Nikasema nimemwona nyoka. Akangoja. Ijumaa akasema, "Jumapili baada ya ibada unanipeleka, siafu waniume."

Hapa ndipo aibu inaponishika, lakini nimeahidi kusema. Jana alfajiri nilikwenda kitaluni, nikachukua mche mmoja wa aina mpya, ile mifupi tuliyoletewa na wataalamu, nikauchimbia ubavuni mwa kisiki, nikaubana mpaka ukaonekana umetoka humohumo. Mwanamke mzima, mwenye cheti cha semina.

Leo kanisani mchungaji amehubiri habari za uumbaji. Ningekuwa mshirikina ningesema kuna mtu amenisemea. Alisema kuumba ni kwa Mungu peke yake, binadamu alikuta bustani iko tayari akapewa kazi ya kuilima na kuitunza, na kazi hiyo ni heshima, si ya kuionea haya, ila mtunzaji akianza kujiita mwenye bustani, hapo ndipo matatizo yanapoanza. Jirani yangu kwenye benchi alinigusa kiwiko akacheka, kwa wema tu, kwa sababu ya kibao changu. Nilicheka naye. 

Tukatoka. Baba alivaa koti lake la ibada, akashika bega langu, tukateremka mistari mpaka kwenye mfereji.

Alishika kisiki kwanza. Akapapasa mkato, akapima mshazari wake kwa kiganja, akaguna kwa kuridhika. Vidole vikashuka ubavuni vikakutana na majani. Akatabasamu, tabasamu ambalo sijaliona tangu Mama afariki. Nikasema moyoni, basi, imepita. Halafu akalichukua jani moja, akalisugua kati ya vidole viwili, polepole, mbele na nyuma. Tabasamu likaondoka. Akafuata shina mpaka chini. Udongo wa jana ulikuwa bado laini. Akaingiza kidole ndani yake, akabaki hivyohivyo, ameinama.

Njia ya mwongo fupi, tuliimbishwa shuleni. Yangu imekuwa na urefu wa wiki mbili.

"Tawi liko wapi?" akauliza.

"Nililikata, Baba."

"Lini?"

"Siku moja kabla ya wageni."

"Lilikuwa na nini?"

Nilitafuta neno zuri, sikulipata. "Lilikuwa linaharibu picha."

Angenitukana ningeshukuru. Alikuwa akipumua tu kwa pua, na mimi nimesimama na viatu vya kanisani kwenye matandazo yangu mazuri.

Ndipo tukasikia honi juu barabarani, na sauti ya Kaka Eliud ikiteremka kabla yake mwenyewe. "Shikamoo, Mwanzilishi!" Kaka yangu mkubwa, ananiamkia mimi! Alikuwa ameshika simu mkononi, ananionyesha picha ya kibao. Mteja wake mmoja alipita Mlowo akakipiga picha, akampelekea Tunduma akimpongeza kwa kuwa na dada hodari.

"Ukiona vyaelea, vimeundwa, Tumaini," akasema. "Hivi vyote unavyoringia vimeundwa na nani? Wewe umekuta ugali uko mezani, umenawa tu mikono. Na nimesikia mpaka ule mbuni umeutia msumeno. Uliapa! Leo naitisha kikao, wajomba wote, shamba lirudi."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimeamua kusema, nadhani. Sina hakika, na sitajua kamwe, kwa sababu Baba aliwahi.

"Eliud," akasema, mkono wake ukiwa bado kwenye ule mche. "Ulikatwa kwa ruhusa yangu. Na umechipua. Njoo uone mwenyewe. Dada yako ameutunza."

Kaka akaja. Kaka anajua beringi ya lori la aina yoyote kwa kuitazama, lakini kahawa haijui. Aliona kisiki, akaona majani ya kijani yamesimama ubavuni, akachuchumaa. Akayagusa kwa ncha za vidole. Nikaona anafuta jicho kwa kiwiko. "Mama angefurahi," akasema. Akapiga picha tatu. Akasimama akanishika mkono, akaniambia, "Nisamehe, mdogo wangu. Maneno ya watu haya. Kibao tutaongea taratibu."

Nikasema haya, Kaka. Ndilo nililosema. Haya, Kaka.

Alikula chakula cha mchana kwetu akiwa na furaha kuliko siku zote. Akatuchekesha kwa Kibemba cha sokoni, kila akiongezewa mboga anasema "natotela, mukwai," asante mheshimiwa, mpaka mtoto wa jirani akaanza kumwiga. Baba alikula kidogo. Kaka akaondoka saa tisa kuwahi kabla malori hayajafunga barabara. Nimebaki na baba yangu na ule uongo wetu, sasa ni wa wawili.

Tangu hapo nimekaa hapa kibarazani nafikiri. Nimekuwa nikibishana kimoyomoyo miaka yote hii, nani mkubwa, aliyeanzisha au aliyeendeleza, kana kwamba kuna kombe la kushindania. Baba hakuwahi kubishana. Aliuona mti uliokuwepo, akaweka panga chini. Kuanzisha kwake kote kulikuwa ni kuacha kukata. Na mimi kuendeleza kwangu kote kulifika mahali nikarudi na msumeno, kwa sababu kilichokuwepo kabla yangu kilijitokeza kwenye picha yangu. Kazi yangu haikuwa mbaya. Nairudia kwa sababu ni kweli. Shamba ni zuri, mama kumi na wawili wanasomesha watoto. Lakini unapoendeleza kitu, kilichokizaa inabidi ukiachie mahali pa kupumua, na mimi nilijua hilo kwa miti yote ya shamba isipokuwa mmoja.

Na baba je? Amenisamehe, au amenikinga tu mbele ya Kaka kama mzazi anavyomkinga mtoto asichapwe na mwingine? Uongo ule utamkaa vipi, mtu kama yule? Kesho asubuhi ataniuliza tena umechipua? Sijui. Naogopa akiuliza, na naogopa zaidi asipouliza.

Jua lilipoanza kuzama nilishindwa kuvumilia. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda chake, redio imezimwa. Nikapiga magoti, nikasema, "Baba, nisamehe." Nilikuwa na hotuba nzima.

Alinikatiza. "Ule mche umeumwagilia?"

"Hapana, Baba."

"Tangu jana?"

"Tangu jana."

"Na mvua yenyewe hakuna." Akatikisa kichwa, sasa akawa amekasirika kweli, kwa mara ya kwanza leo. "Nenda kaumwagilie. Wenyewe hauna kosa."

Nimebeba ndoo mbili. Nimemwaga taratibu, udongo umekunywa yote. Kabla ya kuondoka nimekwaruza kisiki tena, mahali papya, kwa ukucha uleule. Kahawia. Mche nimeuegesha vizuri, nikaulegeza kidogo kutoka kwenye kisiki, usimame wenyewe, mtu yeyote akija aone ni miti miwili.

Kesho nitampigia Kaka Eliud kabla hajafungua duka. Kibao nitakisema, kiapo nitakisema. Lakini nitaanza na tawi.